Ndugu yako akiwekwa sekisheni (akizuiliwa hospitali ya akili kisheria) Uingereza, familia ina nafasi gani? Tupeane uzoefu

Mtanga wa Reading (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulizungumze jambo ambalo wengi tulio huku Uingereza tunalibeba kimyakimya. Ndugu anaugua akili, anazuiliwa hospitali kisheria, na sisi tunawaambia watu kasafiri, au ana malaria iliyopanda kichwani. Kwa kuwa hakuna anayesema, kila familia inaanza moja kujifunza mambo ambayo jirani yake aliyajua mwaka juzi.

Na sasa ipo sababu ya ziada ya kusema. Sheria ya afya ya akili inayotumika England na Wales ni ya 1983. Mwaka 2018 jopo huru lililoongozwa na Profesa Simon Wessely lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba wanaozuiliwa wanazidi kuongezeka, wagonjwa hawasikilizwi vya kutosha, na sisi weusi tunazuiliwa kwa kiwango kisicholingana na wengine. Takwimu za NHS, huduma ya afya ya taifa, za miaka ya karibuni zinaonyesha mtu mweusi anazuiliwa zaidi ya mara tatu ya mzungu. Mapendekezo yakazungushwa serikali hadi serikali, hatimaye Desemba 2025 sheria ya marekebisho ikaidhinishwa. Lakini sehemu kubwa haijaanza kutumika, na serikali yenyewe imesema utekelezaji wote unaweza kuchukua kama miaka 10. Kwa hiyo ukipigiwa simu usiku wa leo, haki zako nyingi ni zile za 1983.

Yetu ilikuwa hivi. Mdogo wangu wa kiume, ninayeishi naye, aliacha kulala. Akaanza kuzima simu za nyumba nzima akisema zinamsikiliza, akafunika runinga kwa shuka, mwishowe akawa hali chakula alichopika mke wangu. Kwa daktari wa familia tukaambiwa tusubiri miadi. Dada mmoja wa Kikenya anayefanya kazi za ustawi wa jamii ndiye aliyetufungua macho: ndugu wa karibu kisheria anaweza kuiomba halmashauri impeleke afisa aliyeidhinishwa kuja kuangalia kama mgonjwa anahitaji kulazwa, na wakiona hapana, lazima wakupe sababu kwa maandishi. Niliandika barua pepe fupi, nikataja kifungu cha 13(4), nikaeleza niliyoyaona bila kuongeza chumvi. Wakaja, afisa na madaktari wawili. Yule afisa mama wa makamo alivua viatu mlangoni alipoona viatu vyetu vimepangwa pale, akakaa sakafuni karibu na mdogo wangu, akaongea naye kwanza kabla ya kutugeukia sisi. Alichukuliwa kwa kifungu cha 2, ambacho ni hadi siku 28 za uchunguzi.

Nasisitiza hili la ndugu wa karibu maana ndilo lililotuchoma. Mama yuko Tanga. Alikuwa akinipigia kila alfajiri, anataka aongee na daktari yeye, mzazi. Ila kwa sheria ya 1983 mgonjwa akiwa mkazi wa huku, ndugu asiyeishi huku hahesabiwi kabisa. Orodha inaanza na mume au mke, kisha watoto, wazazi, ndugu wa kuzaliwa, na kuendelea. Na unayeishi naye au anayekuhudumia anatangulizwa. Kwa hiyo nikawa mimi. Kumweleza mama kwamba serikali ya watu haimtambui katika hili kulikuwa kugumu kuliko barua zote nilizoandika. Tulikubaliana na wodi: mgonjwa mwenyewe alipotoa idhini, daktari alimpigia mama simu ya video na akamjibu maswali yake yote.

Karibuni na ninyi. Msitaje majina ya hospitali wala ya wagonjwa.

Nesi wa Usiku

Mkuu, asante kwa mada. Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili huku, nimefanya zamu za usiku kwa muda mrefu. Niseme vile vinavyowatisha ndugu wanapokuja mara ya kwanza.

Tunachukua kamba za viatu, mkanda, waya wa chaja, wembe. Kila kitu kinaandikwa kwenye fomu, na mgonjwa au ndugu anasaini. Ombeni nakala. Usiku tunapita na tochi, tunachungulia kwenye kidirisha cha mlango. Wagonjwa wanalalamika, wanadhani tunawapeleleza, hasa yule ambaye ugonjwa wake ndio huo wa kuhisi anafuatiliwa. Tunachotafuta ni pumzi: kifua kinapanda na kushuka? Ana rangi yake? Asiye na hatari kubwa huangaliwa kila saa, mwingine kila robo saa, na yule tunayemhofia sana anakaa na mtu wakati wote, hata akienda msalani. Mwelezeni ndugu yenu mapema, kwa lugha yake, kwamba ile tochi itakuja. Nimeona mgonjwa aliyeelezwa na dada yake jioni akalala fofofo, na mwingine ambaye hakuna aliyemweleza akapigana nasi saa nane za usiku.

Kuhusu nguvu. Mwaka 2010 kijana mweusi wa London, Olaseni Lewis, alifariki baada ya kushikiliwa na polisi wodini. Wazazi wake walipambana hadi ikapatikana sheria ya 2018 kuhusu matumizi ya nguvu kwenye hospitali za akili: kila hospitali iwe na mtu anayewajibika, mafunzo, na kumbukumbu ya kila mara nguvu inapotumika. Ndugu yenu akishikwa, ulizeni imeandikwaje. Mnauliza jambo lililomo kwenye sheria, hamleti fujo.

Mama wa Mvita

Assalaam aleikum. Mie wa Mombasa, niko Leicester. Nawashukuru kwa kulifungua hili, maana mie nimesemwa hadi nimechoka.

Mwanangu alipoanza kusikia sauti tulimwita sheikh, akasomewa. Sioni haya kulisema. Na wiki hiyohiyo tulimpeleka hospitali, kwa sababu sheikh mwenyewe alisema, "Mama, kisomo tutaendelea nacho, lakini mtoto huyu hajalala, mpelekeni kwa daktari." Mola amjaze kheri.

Alipolazwa nikawa nampelekea kombe. Siku ya kwanza nesi akaizuia chupa, maji ya manjano, hajui ni kitu gani. Nikakasirika, nikaona wanadharau dini yangu. Akaja imamu wa hospitali, maana wanao, akamweleza kwamba ni zafarani na maji ya waridi na maandishi. Daktari akauliza kilichomo, akaangalia dawa anazotumia, akasema hakuna shida. Ikabandikwa jina lake, ikawekwa kwenye friji ya wodi. Basi kila jioni yule nesi mwenyewe akawa anamkumbusha, "Umekunywa maji ya mama?"

Ninachowaomba akina mama wenzangu ni hiki: ile karatasi ya haki ya rufaa msiitupe. Mwanangu alikuwa kifungu cha 3, ambacho kwa sasa ni hadi miezi 6 na kinaweza kuongezwa. Wakili alikuja wodini bila kulipwa hata senti, kwani kwa mambo ya baraza la rufaa hawaangalii kipato chako. Baraza ni watu watatu: jaji, daktari, na mtu wa tatu mwenye uzoefu wa mambo haya. Hawakumwachia mara ile, lakini kila mmoja alimsikiliza, na daktari wake alilazimika kueleza mbele yetu kwa nini anaendelea kumzuia. Baada ya hapo ndipo wakaanza kumpa ruhusa ya kutoka, saa mbili, kisha siku nzima. Idi alikula nyumbani.

Dereva wa Coventry

Poleni wote. Mimi nina swali na kisa kwa pamoja. Kaka yangu alikutwa na polisi barabarani usiku, pekupeku, anaongea peke yake. Wakamchukua kwa kifungu cha 136. Nilidhani kafungwa, nikaanza kutafuta hela ya dhamana! Kumbe hakuna kosa lolote, wanampeleka mahali pa usalama akaonwe na wataalamu. Wana saa 24, na daktari anaweza kuongeza 12. Zamani ilikuwa saa 72. Alipelekwa chumba maalumu cha hospitali. Rafiki yangu wa miaka ya nyuma alilazwa selo ya polisi kwa kifungu hichohicho, na hadi leo akiona gari la polisi jasho linamtoka. Sheria mpya inaziondoa selo za polisi na magereza kwenye orodha ya mahali pa usalama. Kwangu hilo peke yake linatosha kuishangilia.

Swali: kaka hana mke, hana mtoto, na mimi wakati ule nilikuwa sijafika huku. Alikuwa anaishi nyumba ya kupanga na wenzake. Nani angekuwa ndugu wa karibu?

Mtanga wa Reading

Kaka, jibu litakushangaza. Kama hakuna ndugu huku, mtu aliyeishi naye nyumba moja kama makazi yake ya kawaida kwa miaka 5 au zaidi anaweza kuhesabiwa, akiwa wa mwisho kwenye orodha. Kwa hiyo mpangaji mwenzake wa siku nyingi anaweza kuwa na haki kuliko mama mzazi aliyeko nyumbani. Na kama hayupo hata huyo, mahakama inaweza kumteua mtu.

Ndiyo maana naipenda ile sehemu ya sheria mpya kuliko zote: orodha inaondoka, mgonjwa anachagua mwenyewe mtu wake. Pia ataweza kuandika mapema, akiwa mzima, anataka atibiwe vipi akizidiwa, na madaktari wanapaswa kuyazingatia. Mdogo wangu ameshaandika ya kwake ingawa haijaanza: dawa iliyomfanya atetemeke hataki tena, na simu ya kwanza apigiwe mama.

Bukavu Manchester

Jambo kwenu wote. Sisi Wakongomani tuna shida mbili. Ya kwanza ni mkalimani. Niliombwa nitafsiri kwa ajili ya baba yangu mdogo, nikakatala. Nawezaje kumuuliza mzee yangu mambo ya vita aliyoyaona, mbele ya daktari, na kesho tukae pamoja mezani? Ni kazi ya hospitali kutafuta mkalimani, na ni bure. Sema mapema kama unataka mtu wa Kiswahili cha Kongo, na kama unataka mwanaume ao mwanamke. Walituletea mtu kwa simu, hatumfahamu, mzee akafunguka mpaka tukashangaa.

Ya pili ni woga wa karatasi za kuishi huku. Watu wanafikiri ukilazwa watakutumia bili, ao Home Office, wizara ya uhamiaji, itakukamata. Kwa bili nawahakikishia: matibabu ya mtu aliyezuiliwa kwa sheria hii hayalipishwi, hata kama hana karatasi. Daktari wa familia pia ni bure kwa kila mtu.

Nesi wa Usiku

Naongezea kwa Bukavu. Wapo wanaoficha mawazo ya kujiua kwa kuwa walikotoka kujaribu kujiua ni jinai. Kenya mahakama kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha kosa hilo kinakiuka katiba, lakini hofu haitoki siku moja. Huku England na Wales kosa hilo lilifutwa tangu 1961. Ukimwambia nesi unawaza kufa, huitiwi polisi kwa kosa, unakalishwa, unasikilizwa. Kwa England piga 111 kisha chagua namba 2, mchana na usiku. Samaritans ni 116 123, bure. Kama hatari iko mbele yako, 999.

Na jingine watu hawalijui: aliyelazwa kwa kifungu cha 3, akitoka, huduma za baadaye zinazohusu ugonjwa wake ni bure chini ya kifungu cha 117, na pengine hata makazi yanaingia humo. Kifungu cha 2 hakina hiyo. Msikubali ndugu aruhusiwe bila kikao cha mpango huo, na mwombe kualikwa.

Glasgow Baridi

Mimi ni Mrundi, niko Glasgow. Angalieni, huku Scotland hiyo ya 1983 siyo yetu. Tuna ya 2003. Kuzuiliwa kwa dharura ni saa 72, kwa muda mfupi siku 28, halafu baraza ndilo linaamua kama utaendelea. Na hilo la kuchagua mtu wako tunalo tayari: unamteua, naye lazima akubali kwa maandishi. Mimi nilimteua mwanamke tunayesali naye, kwa kuwa ndugu zangu walibaki kambini. Alikuja kwenye baraza na daftari lake, akasoma tarehe zote nilizokataliwa kutoka nje kwa sababu wafanyakazi hawatoshi. Jaji akaandika. Wiki iliyofuata nikaanza kutembea bustanini.

Mtanga wa Reading

Asante dada wa Glasgow, huo ndio ushahidi tuliokuwa tunautaka. Kuna mtu wa Belfast hapa? Kule wana agizo lao la 1986 na sheria ya 2016 ya uwezo wa kuamua, na kuna familia moja ya Kitanzania imeniandikia faraghani, kijana wao kalazwa tangu Jumatatu. Wanataka kujua wamwombe nani mtetezi huru.