UZI: Tupeane uzoefu wa kufuga Chihuahua, mbwa wa kilo mbili

Mwanzisha uzi (Mizani ya Jikoni)

Wakuu, salaam. Maswali kuhusu Chihuahua yamezidi humu, na majibu mengi yanayotolewa yanamfaa mbwa wa kilo thelathini. Huyu ni mnyama mwingine kwa hesabu. Vigezo vya American Kennel Club, chama cha Marekani cha kusajili mbwa wa asili, havitaki azidi pauni 6, yaani kilo 2.7 hivi, na shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, linamweka kati ya kilo 1.5 na 3. Dozi, chakula, kimo cha kochi, muda wa kukaa na njaa, vyote vinapimwa upya.

Naomba wenye uzoefu waandike kipimo na sababu yake. Hadithi za "wangu alikuwa hivi" tuziache, hapa tunataka cha kufanya.

Mimi naanza na mawili. Kwanza, nunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu. Mtoto wa mbwa apimwe kila siku saa ileile hadi miezi minne, kisha mara moja kwa wiki. Mbwa wa kilo 2 akipungua gramu 200 amepoteza asilimia 10 ya mwili, na kwa macho huwezi kuona, hasa mwenye manyoya marefu. Pili, wanaouzwa kwa sifa ya kuingia kwenye kikombe si aina rasmi. Ni Chihuahua waliozaliwa wadogo kupita kiasi, na kadiri udogo unavyozidi ndivyo matatizo ya sukari, utosi na meno yanavyoongezeka. Usimpokee mtoto aliye chini ya wiki nane, hata muuzaji akikuambia anakula mwenyewe.

Shangazi wa Limuru

Mwanzisha uzi, hapo kwenye sukari ndipo wengi wanapowapoteza watoto, kwa hiyo acha nikae hapo kidogo.

Ini lake ni dogo, halihifadhi akiba ya kutosha, misuli ni michache, na ubongo wake ni mkubwa ukilinganisha na mwili. Akikosa chakula saa chache, akipata baridi, minyoo, kuharisha au hofu ya safari, sukari inashuka. Kabla ya miezi minne mpe chakula mara nne au tano kwa siku. Cha mwisho kiwe saa nne au tano usiku, cha kwanza saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri.

Dalili zinakuja kwa mpangilio: anazubaa, anayumba kama mlevi, fizi zinapauka, mwili unapoa, halafu degedege. Usisubiri degedege. Chukua asali au glukosi ya unga iliyokorogwa na maji kidogo iwe nzito, kama nusu kijiko cha chai, paka kwenye fizi kwa kidole. Kama hana fahamu usimimine kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mfunge kwenye taulo, weka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa ubavuni. Ndani ya dakika tano hadi kumi anapaswa kuinua kichwa. Akiamka mpe chakula cha kweli chenye protini, kisha nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu kuna kitu kilichosababisha. Asipoamka, paka tena mkiwa njiani.

Wanaokosea ni wale wanaoendelea kumlamba-lambisha asali mchana kutwa. Sukari inapanda, inaporomoka tena, na tumbo halina chakula. Pia mtoto aliyepoa mwili apashwe joto kabla ya kupewa maziwa au nyama. Tumbo la mtoto aliyepoa halisagi.

Huku kwetu Juni na Julai vaeni sweta, na mbwa naye avae. Lakini mvue kila siku umchane na kumkagua kwapani, maana sweta linasugua.

Mpishi wa Mbwa, Dar

Chakula. Mbwa mzima wa kilo 2 aliyefungwa uzazi anahitaji kalori 190 hivi kwa siku. Chakula kikavu kingi kina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo fungu lake la siku nzima ni gramu 50, gawa mara mbili au tatu. Chapati moja ya mafuta inafikia kalori hizo zote au inazipita. Ndiyo maana "kipande tu" anachopewa na kila mtu mezani kinamnenepesha, na uzito ukizidi magoti na bomba la hewa ndivyo vinavyoumia kwanza.

Wanaopika nyumbani: wali na nyama peke yake havina kalsiamu ya kutosha. Ganda la yai lililooshwa, likakaushwa na kusagwa likawa unga laini, thumni ya kijiko cha chai kwa siku inatosha mbwa mzima wa kilo 2. Ini la kuku lisizidi kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa wiki. Dagaa wa chumvi loweka, mwaga maji, chemsha. Hata hivyo, chakula cha nyumbani peke yake kwa mtoto anayekua sikishauri, ni rahisi mno kukosea madini.

Pilau msimpe: ina vitunguu, na wengine wanaweka zabibu kavu. Vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu, zabibu zinaweza kuua figo. Chokoleti nyeusi gramu 10 tu inatosha kumtapisha na kumpeleka moyo mbio. Siagi ya karanga someni kibandiko, ikiwa na zailitoli, kile kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ni sumu kwake.

Kupe Hatumtaki

Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu watu wanaua mbwa kwa kujaribu kuwasaidia.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi isimguse Chihuahua. Hata dawa za amitrazi zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa zina onyo linalowataja Chihuahua kwa jina kuwa wasitumiwe. Anasinzia, moyo unapungua kasi, mwili unapoa. Ikitokea, mwogeshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, mkaushe, mpashe joto, mpeleke na chupa ya dawa ili daktari ajue anapambana na nini. Dawa ya kuzuia makali yake ipo.

Ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu, ile ya sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mg 10 kwa mililita. Hata kwa kipimo cha mg 0.2 kwa kilo, mbwa wa kilo 2 anapaswa kupata mililita 0.04. Anayevuta kwa sirinji ya mililita 5 na kukadiria kwa macho anaweza kumpa mara tano bila kujua.

Kinachofaa ni vidonge vya kuua kupe na viroboto vya kundi la isoksazolini, vya uzito wake. Angalia mstari wa chini wa uzito kwenye boksi: baadhi vinaanzia kilo 2, vingine kilo 1.3. Usinunue kidonge cha mbwa mkubwa ukakikata. Mwenye historia ya degedege, mwambie daktari kabla, kundi hili linaweza kuziamsha. Kwa mtoto mdogo zaidi kuna fipronili, dawa ya kupe ya kupulizia. Pulizia kwenye glavu yako, kisha mpake, usimpulizie usoni.

Mjue pia kwamba damu yote ya mbwa wa kilo 2 ni mililita 170 hivi, kama nusu ya chupa ya soda na kidogo juu yake. Kupe wachache wanahesabika. Fizi zikiwa nyeupe na mkojo ukawa na rangi ya kahawa, hiyo ni homa ya kupe mpaka ithibitishwe vingine. Usingoje asubuhi.

Na vidonge vyenu vya maumivu acheni kabatini. Ibuprofeni ya mg 200 kwa mbwa wa kilo 2 ni mg 100 kwa kilo: inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Binti Tanga

Mkuu wa kupe, naongeza matandiko. Yakianikwa nje, pigeni pasi pande zote mbili. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na funza wake wanaingia kwenye ngozi ya mbwa na kuota kama jipu lenye tundu katikati. Kwa mtoto wa gramu 600, majipu kumi ni ugonjwa mkubwa. Usiyakamue, paka mafuta mazito ya mgando, funza akose hewa, atoe ncha nje, mtoe kwa kibano mzima.

Chanjo: dozi haikatwi nusu kwa sababu ni mdogo. Kinachosaidia ni kutochoma nyingi siku moja. Mbwa wadogo hupata mzio wa chanjo zaidi ya wakubwa, kwa hiyo omba ya kichaa itenganishwe na ile ya mchanganyiko kwa wiki mbili hivi, na usiondoke kliniki kabla ya nusu saa. Uso ukivimba au akitapika, rudi mbio.

Fundi Mifupa

Mkanda wa shingoni ubebe jina na namba ya simu tu. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifua, kwa sababu bomba la hewa la Chihuahua huwa na gegedu dhaifu na linabonyea. Dalili ni kikohozi kikavu kinachofanana na sauti ya bata bukini, hasa akichangamka au akivutwa. Moshi wa mkaa, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma vinakizidisha.

Goti: akiruka hatua kwa mguu mmoja wa nyuma, kisha akatembea vizuri kama hakuna kitu, pia ya goti imetoka na kurudi. Daktari ataipa daraja, 1 hadi 4. La 1 mara nyingi linaangaliwa tu na kupunguza uzito. La 3 na 4 huzungumziwa upasuaji.

Mkono wa mbele ndio unaonitia hofu kuliko vyote. Mfupa wake wa chini, juu kidogo ya kiganja, ni mwembamba kama penseli na damu inayofika hapo ni kidogo. Kuruka kutoka kochini kwenye vigae kunaweza kuuvunja. Plasta peke yake hapo mara nyingi inashindwa, mfupa hauungi au unaunga ukiwa umepinda. Uliza mahali wanapoweka bamba la chuma. Tandika zulia lisiloteleza chini ya kochi, weka ngazi ya kimo cha sentimita 10 kila kidato. Watoto wambebe wakiwa wamekaa chini, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio.

Akiumwa na mbwa mkubwa akatikiswa, tundu la nje laweza kuwa dogo kama punje huku misuli na mbavu ndani zimechanika. Apigwe picha hata kama anatembea.

Jirani wa Sharjah

Kwa walio Ghuba: kiangazi mtembezeni kabla jua halijachomoza. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami sekunde saba; ukishindwa, yeye pia hawezi, na tumbo lake liko sentimita chache tu juu ya lami hiyo. Ndani ya nyumba kiyoyozi kisimpulize moja kwa moja, anatetemeka usiku kucha.

Mama Vidole

Hilo la kutetemeka litenganishwe. Baridi, furaha, hofu, maumivu na sukari vyote vinamtetemesha. Angalia masikio na mkia, gusa fizi na makucha, tazama saa aliyokula mwisho, ndipo uamue.

Kuhusu ukali: anaogopa, na tunamfanya aogope zaidi tunapoacha kila mgeni amwinamie na kumnyanyua. Hutoa taarifa mapema. Anageuza kichwa, analamba pua, anakakamaa, weupe wa jicho unaonekana, ndipo anaguruma. Ukimkaripia kwa kuguruma, ataacha kuguruma na kubakiza kuuma. Mgeni akae chini ubavu-ubavu, asimtazame, aweke kipande cha kuku pembeni. Mbwa aje mwenyewe. Akiguruma akiwa mapajani mwako mtu anapokaribia, simama taratibu ashuke, bila kelele.

Choo: wa miezi mitatu mtoe kila saa moja hadi mbili akiwa macho, na dakika kumi hadi ishirini baada ya kula. Masika hatakanyaga nyasi mbichi, weka trei yenye gazeti barazani.

Swali (Mgeni wa Mbeya)

Wakuu, utosi ukiwa bado laini katika miezi saba ni ugonjwa?

Shangazi wa Limuru

Mwanangu, wengi wa aina hii huishi na tundu dogo utosini maisha yote bila tatizo. Linda kichwa tu, usiruhusu apigwe hata kwa mchezo. Shaka inaingia kichwa kikiwa kikubwa cha mviringo kupita kawaida, macho yakitazama nje na chini, anazunguka upande mmoja, hajifunzi choo kabisa, au anapata degedege. Hapo huenda maji yamejaa kwenye ubongo, na picha ya ultrasaundi kupitia tundu hilohilo inaweza kuonyesha.

Na ukiwa hapo kliniki mwombe daktari ahesabu meno. Kati ya miezi minne na saba chonge za utotoni mara nyingi hazidondoki, zinakaa sambamba na mpya, chakula kinanasa katikati, ukoga unajenga. Zing'olewe wakati wa kufungwa uzazi ili apewe usingizi mara moja tu. Kabla ya usingizi asifungishwe njaa usiku kucha kama mbwa mkubwa. Muulize daktari saa kamili, na wamwekee kitu cha joto mezani. Baadaye piga mswaki laini wa mtoto kila siku, kwa dawa ya meno ya mbwa. Ya kwenu msiitumie.