Naomba ushauri: mtoto tunayemlea anarudi kwa mama yake, tumsaidieje?

Habarini ndugu zangu, naombeni ushauri hasa kwa mliowahi kulea mtoto kwa muda halafu akarudi kwao. Tunaye mtoto wa miaka 6, huu mwaka wa 2 yuko kwetu, na mama yake mzazi amejitahidi mpaka ustawi wa jamii wamekubali arudi, tumepewa kama miezi 2 ya kumuandaa. Nafurahi kwa kweli, mama wa watu kapambana sana. Shida ni kwamba kila akitoka kumtembelea mamake anarudi kabadilika, usingizi hapati, anakojoa kitandani wakati alishaacha kabisa, na juzi kaniuliza "nikienda utanikasirikia?" nikaishiwa nguvu.

Tumemwekea kalenda anaweka alama siku za kwenda, picha ya mama iko karibu na kitanda chake, na mama nimemwandikia ratiba yake ya kulala na vitu vinavyomtuliza akilia ili kule asianze upya. Afisa wetu anasema mabadiliko hayo huwa yanatokea, tusikatishe ziara ila tuongeze kidogokidogo mpaka aanze kulala huko, hapo namuelewa.

Sasa naomba kujua, mtoto wa umri huu nimwambieje aelewe kwamba anaruhusiwa kutupenda wote bila kuona anamsaliti mmoja? Na akishahama, zile wiki za mwanzo tupige simu na kwenda kumuona au tukae pembeni kwanza? Mama mwenyewe kasema tusipotee, ila naogopa kumchanganya mtoto.