MRI inaweza kuthibitisha tatizo la ngono isiyozuilika?

Mshauri_Moro: Wakuu, ndugu wa mteja wanataka apigwe MRI ya kichwa (picha ya ndani ya ubongo kwa mashine ya sumaku) ili ijulikane kama ubongo ndio unaomsukuma kwenye ngono asiyoweza kuizuia. Kuna kitakachoonekana?

Dkt_Ubongo: Wasitumie hela yao huko. Tofauti zipo, lakini ni za wastani wa makundi, hazisomeki kwenye picha ya mtu mmoja. Mwaka 2014 mtafiti Valerie Voon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliwaonyesha video za ngono wanaume 19 wenye tatizo hili na 19 wasio nalo, wote wakiwa ndani ya mashine. Kwa wenye tatizo, stiriata ya chini, amigdala na singulati ya mbele (sehemu za ubongo zinazohusika na hamu, hisia na msukumo) zilichangamka zaidi, yaani sehemu zilezile zinazochangamka mraibu wa kokeini anapoona vitu vya kumkumbusha kokeini. Na hapa ndipo penye uzito: hamu yao ilizidi ya wenzao, lakini video zenyewe hazikuwapendeza kuliko zilivyowapendeza wenzao. Ndiyo maana kumwambia mtu "unaendekeza starehe" hakumsaidii. Utafiti mwingine ulikuta kwa wenye tatizo amigdala ya kushoto ni kubwa zaidi, na mawasiliano yake na gamba la mbele, linalosaidia kujizuia, ni hafifu. Kama hali hiyo ilitangulia tabia au ililetwa nayo, picha ya siku moja haisemi.

Mfamasia_Pwani: Kabla ya yote, uliza anatumia dawa gani. Pramipeksoli na ropiniroli za ugonjwa wa Parkinson zinaweza kuleta tabia hii: huamsha vipokezi vya D3 vya dopamini (kemikali ya ubongo inayochochea hamu), vilivyojaa kwenye hiyo stiriata ya chini. Aripiprazoli, dawa ya magonjwa ya akili, nayo ilitolewa tahadhari Marekani mwaka 2016 kwa kuweza kuleta misukumo isiyozuilika, ikiwemo ya ngono. Linganisha tarehe ya kuanza dawa, au ya kuongezwa dozi, na tarehe tabia ilipoanza. Lakini asiache ghafla! Dawa za Parkinson zikikatwa mara moja huleta wasiwasi mkali, jasho, maumivu na sonona. Aliyeziandika ndiye azipunguze polepole.

Mshauri_Moro: Hatumii dawa yoyote. Sasa utambuzi unafanywaje?

Dkt_Ubongo: Kwa mahojiano. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kifungu 6C72: ameshindwa kujizuia kwa miezi 6 au zaidi, na kazi, afya au familia vimeathirika. Kujihisi na hatia ya kidini peke yake hakutoshi. Uliza pia usingizi: akilala kwa muda wa saa tatu tu na bado ana nguvu tele, anaongea bila kituo na kutapanya pesa, chunguza maniya (ugonjwa wa akili wa kuchangamka kupita kiasi) kwanza, maana tiba yake ni tofauti kabisa.