Berea (Kentucky) au Macalester (Minnesota)? Mpwa wangu kapata vyote viwili

Mjomba_wa_Voi
Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu amekubaliwa vyuo viwili vya Marekani, Berea na Macalester. Vyote ni vile vidogo vya shahada ya kwanza, unasoma masomo mchanganyiko kwanza ndipo uchague fani. Mwisho wa kujibu ni tarehe 1 Mei na nyumbani tumegawanyika: dadangu anataka Berea, binti mwenyewe anataka Macalester. Mimi ndiye nitakayetia mkono mfukoni penye upungufu. Kwa walioishi huko, kipi bora?

Nyuki_Mkavu
Bora kwa lipi, mkuu? Hujasema anataka kusomea nini, hujasema Macalester wamempa msaada kiasi gani, hujasema kama amewahi kukaa mbali na nyumbani. Weka hayo kwanza, la sivyo kila mtu atakusifia alikosoma yeye.

Dada_Lexington
Nimemaliza Berea, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Karo haitozwi tangu 1892. Badala yake kila mwanafunzi anafanya kazi, angalau saa kumi kwa wiki, awe mgeni au mzaliwa wa milima ya Kentucky. Mwaka wa kwanza unapangiwa. Mimi nilipelekwa jikoni: alfajiri nimeshafunga aproni, napanga trei, kisha naingia kipindi cha kwanza mikono bado inanuka vitunguu. Mwaka wa pili nikahamia kwenye ufumaji. Chuo kina karakana za vitambaa, mbao na hata mafagio, na bidhaa zinauzwa kwelikweli. Msimamizi anakutathmini kama mwalimu anavyotoa alama, na ukizembea inaandikwa.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba wanapokea watoto wa familia zisizo na uwezo tu. Hakuna anayekutazama viatu. Kwa mgeni, mwaka wa kwanza chuo kinabeba masomo, malazi na chakula. Baadaye unachangia kiasi, na wengi wanakipata kwa kazi za likizo ya kiangazi. Mji ni mdogo, lakini Lexington iko kama kilomita 65 na Wakongomani wamejaa huko, Kiswahili utakisikia dukani na kanisani.

Mkazi_StPaul
Macalester haiko porini, iko katikati ya mitaa ya St. Paul, basi la barabara ya Snelling linapita pale pale. Kofi Annan alimaliza hapo 1961, na bendera ya Umoja wa Mataifa inapepea chuoni tangu 1950. Wanafunzi ni kama 2,000, miaka miwili ya mwanzo lazima ukae bwenini. Ukivuka kwenda Minneapolis, mji wa jirani, Wasomali wana maduka kila kona, nyama halali ipo, viungo vyote vipo. Binti akichoka na chuo ana pa kwenda. Kwenye miji midogo ukigombana na rafiki Jumatatu, utakutana naye kantini asubuhi, mchana na jioni mpaka Ijumaa.

Koti asinunue Kenya, ni kupoteza pesa. Anunue akishafika, na viatu vitangulie kabla ya koti. Januari nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida.

Mahindi_ya_Iowa
Mbona hakuomba Grinnell, chuo kingine kidogo cha huku Iowa? Somo la lazima ni moja tu, semina ya mwaka wa kwanza, mengine unapanga na mshauri wako. Robert Noyce, mmoja wa waanzilishi wa Intel, kampuni ya vifaa vya kompyuta, alimaliza hapo 1949. Reli inapita katikati ya chuo, wiki ya kwanza hulali, baadaye usiposikia treni unaona kuna kitu kimepungua.

Nyuki_Mkavu
Mahindi, hajaomba Grinnell. Tumsaidie na alivyonavyo.

Mjomba_wa_Voi
Samahani wakuu, nilikuwa safarini. Macalester baada ya msaada inabaki dola 6,000 kwa mwaka. Amesoma shule za bweni tangu kidato cha kwanza. Na anataka udaktari.

Daktari_Mtarajiwa
Udaktari! Hilo ndilo lilipaswa kutangulia, mzee wangu. Marekani udaktari unasomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi vya udaktari havipokei wasio raia au wakaazi wa kudumu. Vichache vinavyopokea, baadhi vinataka uonyeshe pesa ya miaka yote minne mapema. Kama lengo ni koti jeupe, asome Kenya: miaka sita na tayari ni daktari. Nimeona wenzangu wawili wenye alama nzuri ajabu wakiishia maabara za utafiti kwa sababu ya makaratasi tu.

Dada_Lexington
Kwani kuishia maabara ni kupotea? Wangari Maathai alipelekwa chuo kidogo cha masista pale Atchison, Kansas, mwaka 1960, akamaliza biolojia 1964. Kwenye vyuo vidogo hivi darasani mko kumi na tano, profesa mwenyewe ndiye anakushika mkono kwenye darubini. Hakuna wanafunzi wa uzamili wa kukutangulia. Barua ya mapendekezo inaandikwa na mtu anayekujua hadi mwandiko.

Daktari_Mtarajiwa
Sikatai, dada. Nasema aende akijua. Mtoto wa miaka 18 anaambiwa "utakuwa daktari" na ukoo mzima, kisha akiwa mwaka wa tatu ndipo anagundua mlango ulivyo mwembamba. Huo mzigo nimeuona.

Pwani_Ughaibuni
Naomba niongeze jambo ambalo vipeperushi havisemi: likizo. Chuo changu silitaji jina, kilikuwa mji mdogo wa jimbo la baridi. Desemba mabweni yanafungwa. Tangazo lilikuja kwa barua pepe katikati ya mitihani: anayebaki ajiandikishe na alipie, kwa usiku. Wamarekani wanachukuliwa na wazazi wao na magari, Ijumaa hiyo hiyo chuo kimya. Tuliobaki tukahamishiwa bweni moja, kantini imefungwa, jiko la pamoja lina kufuli, tuna mikrowevu moja kwenye korido. Duka la vyakula liko nje ya mji, upande wa pili wa barabara kuu, hakuna basi. Tulikuwa tunatembea kwenye theluji, mifuko ya mchele mgongoni, Mnepali mmoja, Mghana mmoja na mimi. Nikapiga simu ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nikapata mashine: wamekwenda likizo. Kilichotuokoa ni mama mmoja mhudumu wa usafi, alituona koridoni akatupeleka kwake siku ya Krismasi, akatupa na sufuria ya umeme ya kuondoka nayo.

Basi, mjomba, kabla ya kulipa chochote, mwandikie kila chuo: Desemba analala wapi, anakula nini, nani analipa? Kiangazi mizigo yake inawekwa wapi? Bima ya afya imo kwenye ule msaada au ni bili ya pembeni? Majibu yaje kwa maandishi.

Mjomba_wa_Voi
Asante sana. Bima sikuiona popote kwenye barua ya Macalester. Nitauliza vyuo vyote viwili.

Nyuki_Mkavu
Mimi wasiwasi wangu ni zile saa kumi za Berea. Mwanafunzi wa sayansi ana maabara mchana kutwa, ana ripoti, halafu aoshe vyombo?

Dada_Lexington
Kazi inapangwa kufuata ratiba ya masomo. Na kuanzia mwaka wa pili wengi wa sayansi wanafanya kazi humo humo idarani, kuandaa maabara au kufundisha wenzao. Huko kwingine pia atafanya kazi, au zile dola 6,000 zitatoka hewani? Viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa masomo, wala zaidi.

Mkazi_StPaul
Tofauti ni kwamba huku anachagua. Asipotaka kazi muhula mgumu, anaacha.

Dada_Lexington
Akiacha, mjomba analipa.

Mama_Chumbe
Wanangu, tusisahau kuongea darasani. Binti yangu alifika huko na kimya cha shule zetu, anaandika kila neno la mwalimu, hanyooshi mkono. Alama za ushiriki zikamshusha. Watu kumi na wawili wamezunguka meza, ukinyamaza wanakuona. Mpwa wako aanze sasa kuzoea kusema "sikubaliani kwa sababu hii na hii" mbele ya mkubwa, bila kuona ni utovu wa adabu.

Mahindi_ya_Iowa
Shikamoo mama, hilo ni kweli tupu. Swali kwa Dada Lexington: unga wa ugali huko mnatumia upi? Wa dukani kwangu ni wa njano na una chengachenga.

Dada_Lexington
Kentucky ni watu wa mahindi, unga mweupe upo kila duka. Soma pakiti, usichukue uliochanganywa na baking powder na chumvi. Ule mlaini kabisa nafuata Lexington kwa Wakongomani.

Mkazi_StPaul
Huku tunapata hadi wa Kenya wenyewe.

Pwani_Ughaibuni
Bei je? Nilipo mimi pakiti ya kilo mbili inaumiza.

Mjomba_wa_Voi
Nimeandikia vyuo vyote viwili leo. Berea wamejibu kuhusu likizo, Macalester bado. Dadangu na binti wamenuniana tangu jana. Mama Chumbe, naomba nikutumie ujumbe wa faragha, binti angependa kuongea na wako.

Mama_Chumbe
Tuma mwanangu, anapatikana usiku wa huku.