Mlonge na uwatu kwa mama mwenye sukari

Binti wa Kibosho: Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 71, anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Masika aliteleza mgombani, akavunjika mkono. Jirani kamletea unga wa mlonge na uwatu toka soko la Mbuyuni. Atumie?

Mzee wa Kigoda: Marahaba. Mlonge una kalsiamu ya mifupa, ila nao huweza kushusha sukari. Uwatu pia uangalie: huweza kushusha sukari, ukijumlisha na kidonge hicho sukari inaweza kushuka mno, akatetemeka. Daktari wake ajue kwanza. Ila mfupa hutaka kubebeshwa uzito. Mimi huinuka kwenye kigoda mara kumi, asubuhi na jioni, bila kushika kitu. Magoti yalinuna wiki mbili!

Binti wa Kibosho: Asante babu. Kilima mama anakipanda kila siku na mzigo wa majani ya ng'ombe, eti hilo si zoezi.