Kuvua kinga ya grenda si ujanja, acheni kuwafundisha watu kujiua

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Kuna video zinasambazwa humu jukwaani kama mbinu ya karakana ya nyumbani. Unachukua grenda ndogo (mashine ya mkononi ya kukatia na kusaga chuma) ya diski ya milimita 115, unafungua kinga inayofunika diski, unavalisha diski ya 230 ya grenda kubwa, unakata chuma kinene bila kununua mashine nyingine. Chini yake pongezi tupu: "mkuu uko vizuri", "huyu ndiye fundi". Mmoja anauliza kama atoe na mpini wa pembeni ili afike kwenye kona. Usiutoe, ndugu yangu! Diski ikinasa ndani ya mkato mashine inaruka, na huo mpini ndio unaoupa mkono wa pili nafasi ya kuizuia isikufike shingoni. Katika majibu yote yale hakuna hata mmoja aliyeuliza diski imeandikwa nini usoni.

Imeandikwa kikomo. Diski ya 230 ya kukatia chuma kwa kawaida mwisho wake ni mizunguko kama 6,650 kwa dakika. Ile ya 115 inaruhusiwa hadi 13,300 hivi, na grenda ndogo nyingi huzunguka karibu 11,000. Tundu la katikati ni lilelile kwa zote mbili, milimita 22.23, na huo ndio mtego: diski inaingia, nati inakaza, kila kitu kinaonekana sawa.

Sasa pigeni hesabu. Kikomo cha diski zote mbili, kikipimwa ukingoni, ni mita 80 kwa sekunde. Ukiizungusha ya 230 mara 11,000 kwa dakika, ukingo unakwenda mita 132 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Nguvu inayotaka kuipasua hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo diski inabeba zaidi ya mara mbili na nusu ya mzigo wa kikomo chake. Na hiyo diski ni nini? Ni chembe za kusagia zilizoshikwa na resini (gundi iliyokauka) na wavu wa nyuzi za kioo. Kinga ambayo ingezuia vipande visije usoni mmeitoa wenyewe, kwa kuwa bila kuitoa diski hii haitoshei. Mashine ilikuwa inawakatalia waziwazi.

Msiniletee ile ya "mimi nafanya hivi miaka yote". Diski iliyovumilia jana huenda leo imeanguka sakafuni au imelala kwenye unyevu. Hata zikitunzwa vizuri, resini huchoka, ndiyo maana nyingi zimegongwa tarehe ya mwisho kwenye pete ya chuma ya katikati. Ni wangapi hapa wamewahi kuitazama?

Na si grenda tu. Nimeona mtu anashauri glovu za kitambaa kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma ili kichongwe, "ili mikono isichafuke". Glovu ikishikwa na kitu kinachozunguka haichaniki kwa wakati, inavuta mkono mzima. Mwingine anatoa kutu kwa kupitisha umeme kwenye maji, akitumia kijiko cha chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwa sababu eti hakiliki. Kinalika, na kinaachia kromiamu ya aina inayosababisha saratani kwenye maji atakayoyamwaga nyuma ya nyumba. Tumia kipande cha chuma cha kawaida na magadi ya kufulia, kazi inafanyika vilevile. Mwingine anasafisha chuma kwa dawa ya breki kisha anachomelea palepale. Kama dawa hiyo ina klorini, joto la kuchomelea linaweza kuigeuza kuwa fosijini, gesi iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mbinu nzuri zipo na zinapita kimya. Unataka kufupisha bolti? Pitisha nati kwanza, kata, piga tupa ukingo, kisha fungua nati itoke kupitia mwisho uliokatwa. Inanyoosha hesi, ile mistari ya kuzunguka ya bolti, zilizoharibika. Unataka kuchonga hesi ndani ya tundu na huna jedwali? Toa hatua ya hesi (umbali wa mstari hadi mstari) kwenye kipenyo cha bolti: M6, yaani bolti ya milimita 6, yenye hatua ya 1 toboa 5, M10 yenye hatua ya 1.5 toboa 8.5. Rudisha tapu, kifaa cha kuchongea hesi, nyuma nusu mzunguko kila mara ili mabaki ya chuma yakatike, isije ikavunjikia ndani. Funguo ya taya za mashine ya kukereza iwekee springi, ili ukiiachia iruke nje yenyewe, usiwashe mashine ikiwa bado imo. Hii ya springi inaokoa meno na macho, lakini haina cheche za kurekodi, basi hakuna anayeisambaza.

Ninachodai ni hiki. Anayeweka mbinu aandike kipenyo, mwendo wa mashine, aina ya chuma, na kinga iko wapi. Asiyeweza kuyaandika hayo hajui anachofundisha, asiweke. Na wasimamizi, zile za diski kubwa kwenye grenda ndogo zifuteni leo. Kufungia maoni hakutoshi, kwa sababu video inabaki na watoto wa watu wanaiona.