Rangi inabanduka kwenye kabati la ibada lenye picha za Krishna na Ganesha: nimekosea wapi?

Kigoda_Chekundu

Wakuu, habari za kazi.

Nipo kwenye kabati dogo la ibada ya Kihindu la nyumbani (mandir), upana sm 60, kimo sm 90, milango miwili, pamoja na kigoda chake kifupi cha kuwekea sanamu (bajot), sm 40 kwa 40. Paneli ni mbao za mwembe, fremu ni msaji. Mpango: Shrinathji (Krishna akiinua mlima) kwenye ubao wa nyuma kwa ndani, Ganesha (mungu mwenye kichwa cha tembo) juu ya milango, na milangoni Krishna mmoja mkubwa anayepuliza filimbi, nusu mlango huu, nusu ule, ili ikifungwa picha ikamilike.

Mlango wa majaribio umepakwa rangi nyeupe ya mafuta inayong'aa mikono 2 (yaani mara 2), ukachorwa kwa akriliki, ukamaliziwa na vanishi ya mafuta. Baada ya wiki 6 hali ni hii: akriliki inatoka kama ganda la kitunguu ukiigusa kwa ukucha, kuna madoa ya rangi ya chai sehemu mbili, pembeni mwa paneli, kandokando ya fremu, umetokea mstari wa mbao tupu, na bluu ya Krishna imeanza kuelekea kijani.

Naomba maelekezo kuanzia mbao hadi vanishi. Pia, juu ya bajot naweza kumchora Ganesha? Na taa ya samli itakayowashwa ndani kila siku niifanyeje isiharibu kazi?

Randa_na_Patasi

Mkuu, una makosa manne na kila moja lina chanzo chake.

Kubanduka: akriliki haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Inakauka juu yake kama ngozi tu. Hakuna vanishi itakayoiokoa, toa yote mpaka kwenye mbao.

Madoa ya chai: angalia nyuma ya paneli, kwa uzoefu wa mbao za mwembe utakuta jicho la ubao mahali pale pale. Utomvu na rangi ya asili ya mbao hupanda kupitia rangi nyeupe, na rangi ya maji huzivuta zaidi. Dawa yake ni sheleki (vanishi ya utomvu inayoyeyushwa kwa spiriti) iliyoondolewa nta, mikono 2 myembamba, saa 2 katikati, kabla ya kitu kingine chochote. Sisitiza "iliyoondolewa nta" unaponunua, kwa sababu yenye nta itakurudisha kwenye tatizo la kubanduka.

Mstari wa mbao tupu ndio unaowasumbua wengi, na hauhusiani na ubora wa rangi. Mbao hupanuka na kusinyaa kukata nyuzi. Paneli ya mwembe ya sm 30 ikishuka kutoka unyevu wa asilimia 14 hadi 10 hupungua kama mm 2 au 3. Wewe ulipaka ikiwa tayari ndani ya fremu, kwa hiyo sehemu iliyokuwa imejificha kwenye mfereji wa fremu haikupata rangi, na iliposinyaa ikajitokeza. Fanya hivi:

Kausha mbao hadi asilimia 8 mpaka 12. Pima kwa kipima unyevu, usikisie kwa mkono. Paka paneli ikiwa nje ya fremu, pande zote mbili na kingo zote, angalau sheleki na andakoti (rangi ya msingi). Ukipaka mbele tu, nyuma itanyonya unyevu peke yake na paneli itapinda kama kigae cha paa. Ndipo uiingize kwenye fremu bila gundi, iachwe icheze, na nafasi ya mm 2 hadi 3 kila upande ndani ya mfereji. Ukitaka isigongegonge, tia tone moja la gundi katikati juu na moja katikati chini, basi.

Mwembe hupendwa sana na bungua. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mbichi chini yake, usiipake mbao hiyo hata kidogo. Itibu kwanza au iache. Rangi haiwazuii kutoka, watatoboa hapo hapo usoni pa mungu.

Fremu za msaji zina mafuta yake. Zifute kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kiache kubadilika rangi, kisha paka sheleki ndani ya saa 1, maana mafuta hurudi juu.

Baada ya sheleki, msasa namba 320 kwa wepesi sana. Kisha jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya msingi ya kuchorea juu yake) mikono 3 au 4, kila mmoja ukate mwelekeo wa uliotangulia, msasa 320 katikati, na wa mwisho 400. Uso uwe kama ganda la yai. Ukikwaruza kalamu ya risasi na mstari ukakatikakatika, bado hujamaliza.

Ubao wa nyuma atakapokaa Shrinathji, ningetumia plaiwudi nzuri ya mm 9 badala ya mwembe. Haitembei, na uso wake ukibaki tulivu miaka mingi hakuna atakayekumbuka kwamba si mbao nzima.

Mstari_Mwembamba

Naongeza upande wa picha, nikianza na mpango wenyewe. Tafadhali usimkate Krishna katikati. Kila mlango ukifunguliwa mwili wake unapasuliwa mara mbili, na mlango mmoja ukilegea bawaba kwa mm 2 tu, uso hauoani tena. Kwa kabati la Krishna, milangoni weka Jaya na Vijaya, walinzi wa mlango wa Vishnu, mmoja kila upande. Au weka ng'ombe na maua ya yungiyungi kama kwenye pichwai (vitambaa vilivyochorwa) za Nathdwara, mji wa hekalu la Shrinathji, ng'ombe wakiinua nyuso kuelekea ndani. Ganesha juu ya mlango ni mahali pake sahihi kabisa, hekalu nyingi humweka katikati ya kizingiti cha juu. Mlango ukifunguliwa ndipo anaonekana Krishna mzima. Kaavad (makabati madogo ya hadithi) za Bassi, karibu na Chittorgarh huko Rajasthan, zimejengwa juu ya wazo hilo hilo: milango mingi midogo iliyochorwa, inafunguliwa mmoja mmoja mpaka ufike kwa miungu walio ndani.

Ubao wa nyuma nao una mantiki yake. Pichwai maana yake ni kitu kinachoning'inia nyuma, yaani kitambaa cha nyuma ya sanamu. Kwa hiyo ukiweka sanamu mbele, mchoro usishindane nayo: acha katikati tulivu, mapambo yapande pembeni.

Sasa kosa moja ambalo hugunduliwa kazi ikiwa imeisha. Uhamishaji wa mchoro hufanywa kwa khaka: karatasi ya kunakilia inatobolewa kwa sindano kufuata mistari, tundu kila mm 1 hadi 2, kisha inapigwapigwa kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa. Karatasi hiyo ina pande mbili zinazofanana. Ukiigeuza bila kujua, Shrinathji anainua mkono wa kulia, ilhali mkono anaouinua kuushika mlima Govardhan ni wa kushoto, na wa kulia ni ngumi iliyowekwa kiunoni. Ganesha naye mkonga wake unageuka. Familia nyingi hutaka mkonga uelekee kushoto kwake mwenyewe, kwa sababu wa kulia huaminiwa kudai ibada yenye masharti makali zaidi. Namna ya kuhakikisha: simama mbele ya mchoro. Mkono ulioinuliwa wa Shrinathji na mkonga wa Ganesha vyote viwe upande wako wa kulia. Andika JUU kwa kalamu nyekundu kwenye uso sahihi wa karatasi kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Kugeuza kuna faida kwenye ng'ombe na mizabibu tu, mlango wa pili unaupata bure.

Utaratibu wa rangi: jaza maeneo makubwa kwanza kwa rangi bapa, mikono 2 myembamba. Mwili wa Shrinathji usiwe mweusi wa kopo, utaonekana kama tundu kwenye ubao. Changanya bluu ya altramarini na kahawia iliyoiva (burnt umber) mpaka ikaribie weusi, mwanga ukiupiga bluu itachomoza. Kisha vivuli, nguo, mapambo, ile almasi ya kidevuni, na mistari ya nje kwa brashi namba 0 au 00. Macho mwisho kabisa. Kwa Shrinathji kope zimeshuka, anawatazama waliokaa chini. Chora kope ya juu kwa mkupuo mmoja bila kuinua brashi, jaribu mara 10 kwenye karatasi kwanza. Mkono ukitetemeka, rangi ni nzito mno: ongeza maji tone kwa tone mpaka iteleze kama wino.

Kuhusu bajot: kigoda cha kukalia watu usichore mungu wala alama takatifu. Cha kuwekea sanamu, chora yungiyungi la petali 8 juu, maana ndiyo kiti chake. Lakini kumbuka sehemu hiyo hufunikwa kitambaa chekundu wakati wa ibada, kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye kingo na miguu.

Kigoda_Chekundu

Nashukuru sana, ndugu zangu. Khaka niliigeuza kweli kwenye jaribio, nimekwenda kuangalia sasa hivi. Inabaki dhahabu ya taji, vanishi na taa.

Koti_la_Mwisho

Dhahabu kwanza. Karatasi ya dhahabu ya bandia ni shaba ya njano (mchanganyiko wa shaba na zinki) iliyofuliwa, itageuka kijani au nyeusi usipoifunika. Ipake sheleki mkono 1 siku inayofuata. Ya kweli ya karati 22, kama kwenye picha za Thanjavur, India kusini, haichakai. Ukitaka taji liinuke kama zao, tumia uji wa unga wa chaki na gundi, safu nyembamba nyingi mpaka mm 1 au 2. Ukimwaga yote kwa mara moja juu itakauka kabla ya ndani na itapasuka. Mafundi wa Sankheda, Gujarat, wana njia nyingine kabisa: foili ya bati juu ya msaji, kisha laki ya rangi juu yake, na bati linang'aa kama dhahabu. Inafaa miguu ya bajot iliyokerezwa.

Bluu yako kwenda kijani: vanishi ya mafuta hugeuka njano inapokaa, na njano juu ya bluu ni kijani. Acha picha siku 3 hadi 7 ikauke, kisha vanishi ya akriliki mikono 2 myembamba kwenye milango na ubao wa nyuma. Juu ya bajot tumia vanishi ya poliyurethani ya maji mikono 3, kwa sababu kuna maji, samli na kumkumu (unga mwekundu wa ibada). Manjano na kumkumu zikimwagika zifutwe hapo hapo, zikilala usiku mzima doa hubaki. Subiri wiki 3 hadi 4 kabla ya kuweka sanamu nzito au kitambaa, la sivyo utapata alama ya kitambaa kwenye rangi. Kingo za milango zinapokutana acha mm 2 na zisugue kwa mshumaa wa parafini: akriliki kwa akriliki hunatana, na siku moja mlango ukivutwa rangi itatoka na kipande cha andakoti.

Taa: usiiweke ndani chini ya paa la kabati. Tengeneza trei ya kuvuta, itoke mbele sm 20, na taa ikae hapo juu ya sahani ya shaba yenye ukingo wa sm 1. Hewa iliyo wazi juu ya mwali, si chini ya sm 60. Vijiti vya ubani viwekwe kwenye trei hiyo hiyo, visiegemezwe ukutani mwa kabati. Taa isiachwe inawaka bila mtu chumbani.

Masizi yafute kila wiki kwa pamba iliyokamuliwa vizuri kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo. Yakisubiri miezi yanashikana na samli. Spiriti marufuku, inayeyusha sheleki na kulainisha akriliki.

Randa_na_Patasi

Nakubaliana na trei. Iwekee kizuizi nyuma, isije ikachomoka yote na taa inawaka.

Na kwa atakayesoma uzi huu akiwa na kabati kuukuu la kupaka upya: usipige msasa mkavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na nyekundu ya kale ya hinguli ina zebaki, njano ya hartali ina aseniki. Kabla hujagusa chochote pima kwa vifaa vya kupimia risasi, na picha ikiwa bado inasomeka, iache ilivyo na uisafishe tu.